Mwongozo kamili: kuanzisha kikundi cha usalama karakana na mtaani (kisiishie kwenye semina na tisheti)

Pale kwetu Temeke seremala na mchomeleaji wanatumia ukuta mmoja. Huyu anaranda mbao, maranda yanajaa mpaka mlangoni, yule anachomelea mageti na cheche zinaruka zinavyotaka, halafu katikati pana galoni la thina ambalo mfuniko wake ulipotea kitambo. Miaka imepita watu wanapiga kazi hivyohivyo na hakuna kitu, mpaka mchana mmoja cheche ikadondokea kwenye maranda, na kabla mtu hajamaliza kusema "jamani moshi" moto umeshashika turubai. Tuliuzima kwa maji ya kuoshea vyombo ya mama lishe wa jirani, ndoo tatu. Kama asingekuwa na maji siku hiyo saa hizi naandika stori nyingine kabisa.

Ndo kikundi chetu kilivyozaliwa, tukiwa watu saba. Na kiukweli mwaka wa kwanza tuliharibu. Tulichangishana tukachapisha tisheti, tukakodi ukumbi, tukaita mgeni rasmi, akaongea saa mbili kuhusu "umuhimu wa usalama", watu wakala pilau wakaondoka. Wiki mbili baadaye galoni la thina liko palepale na mfuniko bado haupo. Kwa hiyo haya yote hapa chini yametokana na kukosea, chukueni yanayowafaa.

Kitu cha kwanza cha kuelewa kabla hamjaanza: kikundi kisicho cha faida hakina rungu. Hakiwezi kumfungia mtu karakana, kuweka tuta barabarani wala kumlipa fidia aliyekatika kidole, hizo ni kazi za wenye mamlaka na za waajiri. Kikundi kinachojifanya serikali kinachukiwa mapema sana. Ninyi nguvu yenu ni kwamba mpo hapo kila siku, mnaona vitu ambavyo mkaguzi anayekuja mara moja kwa mwaka hatakaa avione, na watu wanawaambia ukweli kwa sababu hamna stakabadhi ya faini mfukoni. Ukishalielewa hilo mengine yanajipanga.

Hatua ya 1: Nunua kaunta buku, tembea

Kaunta buku ya kwaya mbili inatosha, na peni. Zungukeni eneo lenu watu wawili wawili, asubuhi wakati kazi zinaanza na jioni watu wakishachoka, maana jioni ndo mtu anavua miwani na kusema "namalizia hiki kimoja tu".

Sasa kuna namna ya kuuliza. Ukimuuliza fundi "umewahi kupata ajali?" atakwambia hapana namshukuru Mungu, na maongezi yamekufa. Muulize "mara ya mwisho kukoswakoswa ilikuwa lini?" Hapo atacheka, atakuita ukae kwenye ndoo, atakuhadithia tatu na jirani yake ataongezea ya nne. Hizo za kukoswakoswa ndo mali yenyewe. Kila ajali iliyomtoa mtu jicho ina ndugu zake kibao zilizopita pembeni ya sikio na hakuna aliyeziandika.

Za kwetu za mwanzo zilikuwa hivi:

*Jumanne saa nne asubuhi. Diski ya grenda imepasuka, kipande kimepita karibu na shingo ya dogo anayejifunza. Grenda haina kava.*

*Alhamisi jioni. Waya wa eksitensheni umechubuka, umepita kwenye dimbwi, kibarua kapigwa shoti kadondoka. Hajaumia.*

*Ijumaa saa saba mchana. Mtoto wa shule kakoswa na bodaboda mbele ya duka la dawa. Hamna kivuko.*

Mnaona hamna jina la mtu. Hilo ni sharti, daftari likianza kuwa la kusemea watu litakufa siku hiyohiyo. Andika siku, saa, mahali, kilichotokea, na kilichosababisha kama kinajulikana. Likae sehemu moja inayojulikana. La kwetu linakaa kwa mama lishe, peni imefungwa kamba kwenye mguu wa meza kwa sababu peni mbili za kwanza ziliondoka na wateja.

Fanyeni hivyo mwezi mzima bila kutatua chochote, najua inakera. Baada ya mwezi kaeni mhesabu: mangapi ya umeme, mangapi ya moto, mangapi ya barabara. Sisi tulikuwa tumejiaminisha shida yetu ni moto kwa sababu ya yale ya seremala, kumbe kwenye daftari grenda ilikuwa inaongoza kwa mbali.

Hatua ya 2: Watu gani wawemo

Msijaze viongozi. Mwenyekiti wa mtaa mpeni taarifa, tena mapema na kwa heshima zote, ila msimpe uenyekiti wa kikundi, ana mikutano kumi na saba mingine. Watafuteni hawa: fundi mmoja mkongwe anayeheshimika, bodaboda wa kijiweni, mwalimu wa shule ya jirani, muuguzi (mstaafu ni bora zaidi, ana muda), na mama lishe. Mama lishe ndo kamera ya eneo, anakaa sehemu moja tangu alfajiri, anajua nani kaumia, nani kaja kazini na hangova, na yeye mwenyewe ana gesi na mkaa vya kuangaliwa.

Fundi mkongwe ndo mgumu. Atakwambia "mimi nachomelea tangu we hujazaliwa". Usibishane. Wa kwetu tulimwomba atufundishe sisi jinsi ya kukagua mashine, akajikuta anafundisha vijana wake kitu ambacho yeye mwenyewe alikuwa hakifanyi. Siku hizi ndo mkali kuliko wote.

Hatua ya 3: Usajili (fupi)

Kwa Tanzania, kama mko ngazi ya mtaa anzeni kama kikundi cha kijamii: katiba fupi, muhtasari wa kikao cha kuanzisha, orodha ya wanachama, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, kisha nendeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata atawaelekeza halmashauri. Usajili wa NGO chini ya sheria ya 2002 ni ngazi nyingine, una taarifa za kila mwaka na mambo ya fedha, msiukimbilie kabla hamjawa na kitu cha kuonyesha. Kuna watu wana cheti cha NGO kwenye fremu na hawajawahi kununua ndoo ya mchanga.

Hatua ya 4: Chagueni tatizo moja, na anzieni kwenye mzizi

Hapa ndo pana nyama, msiruke.

Ukisema "usalama kazini" kila mtu anawaza kofia ngumu, glavu na buti. Vifaa kinga ni muhimu ila vinatakiwa viwe vya mwisho kwenye foleni. Utaratibu ni huu: jiulize kwanza kama hatari yenyewe inaweza kuondoka kabisa. Kama haiondoki, je unaweza kutumia kitu kingine kisicho hatari hivyo? Kama hapana, itenganishe na mtu. Halafu ndo upange ratiba na kanuni. Mwisho kabisa mvalishe mtu kifaa. Kwa sababu kifaa kinamtegemea mtu akumbuke kila siku, na mtu anachoka, anasikia joto (Dar mwezi wa pili, glavu za ngozi, acha tu).

Kesi ya seremala na mchomeleaji tulivyoitatua: galoni la thina likapata mfuniko, likahamia kwenye kabati la chuma upande wa pili. Hiyo ni kutenganisha. Tukasimamisha mabati chakavu katikati, cheche zikakosa njia, hiyo nayo ni kutenganisha. Halafu wakakubaliana wenyewe kwamba maranda yanazolewa kabla ya kuchomelea, na mchomeleaji akitaka kuwasha anapiga ukuta mara mbili. Ndoo mbili za mchanga na mtungi mmoja wa kuzimia moto mlangoni. Gharama kubwa ilikuwa mtungi, vingine vyote vilikuwepo.

Na grenda sasa. Mafundi wanatoa kava kwa sababu inawabania kufika kwenye kona, au wanataka kufunga diski kubwa kuliko mashine. Hii ya pili ndo inaua. Kwenye diski pameandikwa mwendo wa juu inaouhimili, kwenye mashine pameandikwa mwendo wake, namba ya diski lazima iwe sawa na ya mashine au kubwa zaidi, hamna mjadala. Diski pia ina tarehe ya mwisho wa matumizi, mara nyingi imegongwa kwenye ile ringi ya chuma ya katikati, fundi wengi hawajawahi kuiona. Tulipita na diski moja mkononi tukawaonyesha ile ringi mmoja mmoja, mafundi wenye miaka 15 kazini wanashangaa. Na diski iliyolowa au kudondoka chini tupa, ufa wake hauonekani kwa macho.

Miwani ya jua siyo miwani ya kuchomelea. Kile kioo cheusi cha kuchomelea kwa umeme kina namba, kwa kawaida 10 mpaka 13 kutegemea ukali wa moto, miwani ya mtumba haina lolote pale. Yule anayelala usiku na vipande vya viazi machoni akihisi kama amemwagiwa mchanga, jicho lake limeungua. Kuziba kwa viazi au kutia maziwa hakutibu, aende hospitali. Na msaidizi anayeshika chuma naye ana macho, usimwambie "angalia pembeni".

Hatua ya 5: Mafunzo yafanyike palepale kwenye kazi

Dakika 20, asubuhi kabla mashine hazijawashwa, jambo moja kwa siku. Ukumbi sahauni. Kwa mambo ya moto ombeni kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, namba yao ya dharura ni 114, iandikeni kwa rangi ukutani, na chini yake andikeni na jinsi ya kuelekeza eneo lenu maana mitaa yetu haina vibao na mtu akipaniki anasema "njooni hapa karibu na mwembe". Kwa huduma ya kwanza Msalaba Mwekundu wanafundisha, na kila karakana itoe angalau mtu mmoja.

Yasiyokosekana:

Kuungua. Maji safi ya bomba yanayotiririka, dakika 20, basi. Siyo dawa ya meno, siyo asali, siyo mafuta, siyo ute wa yai. Dakika 20 ni nyingi ukiwa unasikia mtu analia, kwa hiyo tumieni saa.

Shoti. Zima umeme kwanza ndo umguse. Ndo maana swichi kuu iwe sehemu inayofikika, siyo nyuma ya rundo la mbao. Na waya zenu fungieni kwa fundi anayejulikana, vishoka ni rahisi siku ya kwanza tu.

Damu nyingi. Kandamiza kwa kitambaa safi, endelea kukandamiza, usifunue kila dakika kuchungulia.

Mashimo. Hili nalisema kwa sauti. Mtu akishuka kwenye shimo la choo, kisima au tenki akaanguka, usimfuate. Chini kule hewa inaweza kuwa na gesi au imeishiwa oksijeni, anayemfuata anaanguka naye, halafu wa tatu, na mara nyingi ni ndugu au marafiki. Piga 114. Mchimbaji afungwe kamba kabla hajashuka na juu wabaki watu wa kumvuta.

Jiko la mkaa na jenereta ndani ya chumba kilichofungwa. Ile hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu wala rangi, inakulaza hauamki.

Tenki la mafuta likianguka. Wote tunakumbuka Morogoro, pale Msamvu, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walikufa baada ya lori la mafuta kupinduka na watu kukimbilia kuchota. Vijana wa bodaboda ndo wanafika wa kwanza sehemu kama zile. Kwa hiyo kijiwe ndo kifundishwe kuwazuia wengine, kusogea mbali na kupiga simu. Tuliwaambia ukweli hatukuwapamba: umaskini unasukuma, tunajua, ila lita tano za petroli haziwezi kukulipia hata kitanda cha wodi ya majeraha ya moto.

Hatua ya 6: Barua, tena kwa ofisi sahihi

Vikundi vingi vinafeli hapa, wanalalamika kwa mtu asiyehusika miezi sita. Barabara za mitaani ziko chini ya TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS (wakala wa barabara wa taifa). Nguzo na nyaya za umeme, TANESCO. Ulizeni kwa mtendaji barabara yenu ni ya nani kabla ya kuandika.

Barua iwe ukurasa mmoja. Ya kwetu ya tuta ilikwenda hivi: *"Tunaomba tuta na kivuko cha waenda kwa miguu mbele ya shule. Kwa siku 30 tumeandika matukio 11 ya watoto kukoswa na vyombo vya moto, mengi kati ya saa 7 na saa 8 mchana. Orodha imeambatanishwa. Tuko tayari kuonyesha eneo siku yoyote."* Nakala kwa mtendaji, diwani, mwalimu mkuu. Mnagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu, bila muhuri hamjapeleka kitu. Baada ya wiki mbili mnarudi kuuliza, bila kugomba. Hapo ndo mnaona ile kaunta buku inavyolipa, maana "tunaomba tuta" ofisini zipo mia, yenye orodha ya siku 30 ni moja.

Kama mnadhani hivi vitu vidogo havibadilishi kitu, liangalieni shirika la Amend hapa Dar. Walichukua shule zenye watoto wengi wanaogongwa, wakaweka vitu vya kawaida tu, njia ya miguu, matuta, vivuko, alama, sehemu nyingine kuhamisha geti la shule liangalie barabara tulivu. Mradi huo ulishinda tuzo kubwa ya kimataifa ya miji mwaka 2019, ya taasisi ya utafiti ya WRI (World Resources Institute). Kuhamisha geti! Yaani hakuna teknolojia pale, kuna mtu aliyesimama nje ya shule akaangalia watoto wanapita wapi.

Hatua ya 7: Kwa walioajiriwa

Kwenye kiwanda au saiti ya ujenzi hali ni tofauti, kuna mwajiri na kuna sheria. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inasimamiwa na OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya kazini), mahali pa kazi panatakiwa kusajiliwa na kukaguliwa, na vifaa kinga ni jukumu la mwajiri. Fidia ya kuumia au kuugua kutokana na kazi iko kwa WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi), mchango anatoa mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata mia. Waulizeni vibarua wangapi wanajua hilo, mtashangaa.

Kazi ya kikundi hapa ni kumsaidia mtu kutunza ushahidi: tarehe, saa, aliyekuwepo, picha ya eneo, karatasi ya hospitali, na kuhakikisha ajali imeripotiwa mapema. Halafu mnampeleka kwa chama cha wafanyakazi kama kipo. Jina lake msilitoe popote bila ruhusa yake, kibarua anafukuzwa kwa ujumbe mmoja wa WhatsApp. Na msiingie getini kwa mtu na kamera mkijiita wakaguzi, hamna mamlaka hayo na mnawaharibia walio ndani.

Hatua ya 8: Hela

Kila risiti ipigwe picha iwekwe kwenye grupu siku hiyohiyo, hata ya kamba ya peni. Mtunza hela na anayeidhinisha wasiwe mtu mmoja.

Misaada, chungeni. Kuna kampuni moja ilituletea helmeti 20 zenye nembo yao, nzuri kabisa, halafu baada ya mwezi wakaanza kuuliza kama lazima tuandike kwenye daftari mambo ya malori yao. Tulirudisha helmeti. Iliuma, bodaboda wawili hawakutusemesha kwa muda mrefu, na mpaka leo tunabishana kama tulifanya sawa. Mimi nasema tulifanya sawa.

Hatua ya 9: Kupima

Miezi ya kwanza namba kwenye daftari zitapanda. Msiogope, watu wameanza kuamini na kusema. Angalieni zaidi ukali wa matukio na aina zake: je bado ni grenda ileile isiyo na kava? Je bado ni kona ileile? Kila miezi mitatu someni daftari kwa sauti mbele ya wote, pale kwa mama lishe, mambo mawili yanayoongoza ndo kazi ya miezi mitatu ijayo. Tarehe 28 Aprili, Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani, wekeni matokeo kwenye karatasi kubwa ukutani mwalike na ofisi zinazohusika waje wasome wenyewe.

Sisi kwa sasa grenda imeshuka mpaka nafasi ya nne. Inayoongoza ni nguzo moja iliyoinama juu ya kituo cha bodaboda, tumeshapeleka barua ya tatu, nakala zote zina muhuri. Tumehamisha kijiwe hatua thelathini wakati tunasubiri, na mama lishe kahama nao, na daftari lake.